Karatasi Tatu za Melinakoppa

Sanduku la tatu la kura lilipomwagwa mezani ukumbini na makarani wakamaliza kuhesabu, karani mzee aliyekuwa akiandika jumla alipiga hesabu yake upya, akalamba kidole, akapiga tena. Kisha akainua uso akamtazama Vanajakshi kwa macho ya mtu anayetafuta namna ya kumpa mwenzake habari ya msiba.

"Mwalimu," alisema, "ulitoa karatasi mia tatu themanini na tisa. Hapa nina mia tatu themanini na sita."

Vanajakshi aliisogelea meza. Aliomba wahesabu tena. Wakahesabu tena mbele yake na mbele ya mawakala wa wagombea, na jawabu likawa lile lile. Masanduku matatu ya kituo chake yalikuwa wazi, yamegeuzwa chini juu ili kila mtu aone kuwa hakuna kilichonasa ndani. Lakiri aliyoipiga kwa mkono wake mwenyewe ilikutwa haijaguswa. Lakini karatasi tatu hazikuwamo.

Ilikuwa Machi, mwaka 1958, katika jimbo la Mysore nchini India, upande wa milima ya popoo na pilipili manga. Mjumbe wa Belagodu katika bunge la jimbo alikuwa amefariki kabla hajamaliza hata mwaka, na watu wakaitwa kupiga kura upya kwa ajili ya kiti chake. Siku hizo karatasi ya kura haikuwa na jina la mtu. Ilikuwa ndogo, ukubwa wa noti ya rupia moja, yenye nambari na mistari mizuri ya kuvutia macho. Nyuma ya pazia yalipangwa masanduku, kila moja na picha ya mgombea wake: baiskeli, mizani, mashua. Mpiga kura alitumbukiza karatasi katika sanduku la yule amtakaye, akaenda zake.

Vanajakshi ndiye aliyesimamia kituo cha wanawake katika kijiji cha Melinakoppa. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mwalimu wa shule ya wasichana pale Belagodu. Aliozwa akiwa mtoto, akafiwa na mume kabla hajajua kama anampenda ama hampendi, akarudi kwa baba yake. Baba huyo, karani wa posta, badala ya kumfungia jikoni kama majirani walivyotarajia, alimnunulia vitabu. Katika wilaya nzima Vanajakshi alikuwa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa kituo. Barua ya uteuzi ilipokuja, baba yake, ambaye si mtu wa kukataza, alimwomba awaachie wanaume kazi hiyo. Alisema mwanamume akikosea, watu watasema fulani kakosea. Lakini yeye akikosea, watasema wanawake hawawezi. Vanajakshi alimjibu kwamba hatakosea.

Sasa ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama, na Wakili Nagabhushana Rao akasimama.

Huyu alikuwa wakala wa mgombea wa mizani. Alikuwa mtu mrefu mwenye koti jeusi lililopauka mabegani, na kifuani alibandika kijikaratasi chenye picha ya mizani kama mawakala wenzake. Vituo vyote vilikuwa vimekwisha kuhesabiwa, na mgombea wake alikuwa nyuma ya yule wa baiskeli kwa kura kumi na tisa tu. Hata hivyo hakupaza sauti. Alieleza polepole, kama anayemfundisha mgeni mchezo wa karata, jinsi kura zinavyonunuliwa. Mtu wa kwanza huingia nyuma ya pazia, asitumbukize kitu, akatoka na karatasi yake. Mnunuzi humpokea njiani, humlipa, kisha karatasi ile humpa mpiga kura wa pili. Wa pili huitumbukiza katika sanduku aliloambiwa, akatoka na yake mwenyewe ikiwa ushahidi kuwa kazi imefanyika. Huwa hivyo mpaka jioni. Ukija kuhesabu, unakuta imepungua moja tu, ile ya mwisho iliyobaki mkononi mwa mnunuzi. Lakini moja hiyo imebeba kura hamsini mgongoni.

"Na hapa zimepungua tatu," alisema. "Simtuhumu mwalimu kwamba alikula na mtu. Nasema ama alifumba macho, ama hana macho. Kwa vyovyote vile, kura za kituo hiki zifutwe, na yeye afikishwe mbele ya sheria."

Msimamizi mkuu wa uchaguzi, Bwana Seshadri, alikuwa ofisa wa serikali mwenye maneno machache na macho mekundu ya kukosa usingizi wiki nzima. Alimuuliza Vanajakshi kama ana la kujibu. Vanajakshi akasema kwamba kwa sasa hana. Bwana Seshadri akatangaza kuwa matokeo yatasubiri hadi kesho saa kumi jioni. Ikifika saa hiyo bila maelezo, atapeleka taarifa juu pamoja na mashtaka ya wakili. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mwalimu atasimamishwa kazi siku hiyo hiyo, na mahakama itafuata.

Habari zilimtangulia nyumbani. Baba yake alimpakulia wali kwa mkono wake, akakaa mbele yake, na hakutamka neno "nilikwambia". Ukimya ule ulimchoma kuliko maneno ya wakili. Hakula. Akaenda kulala, na usingizi haukuja.

Akiwa amelala chali alianza kuipitia ile siku ya kura kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Aliona foleni, wanawake waliojifunika vichwa, wino unaopakwa kidoleni, pazia linalofunguka na kufungwa. Hakuona kosa. Basi akarudi nyuma zaidi, kwenye wiki iliyotangulia, alipozunguka vitongoji akiwafundisha wanawake namna ya kupiga kura. Hofu yake kubwa wakati ule ilikuwa waume, matajiri wa mashamba na manyapara wao, watu waliozoea kupokea kila kinachoingia mkononi mwa mwanamke. Kwa hiyo kila alipokwenda aliinua kipande cha karatasi na kusema: karatasi hii ni yako. Serikali imekupa wewe, haikumpa mumeo wala bwana shamba. Usimpe mtu yeyote. Baada ya hapo ndipo alipochukua kibao na chaki, akachora masanduku matatu na kueleza ya kutumbukiza.

Lakini kitongoji cha mwisho, kule juu ya Melinakoppa wanakokaa vibarua wa mashamba ya popoo, alifika jua limeinama. Mwenye gari la ng'ombe alikuwa akimhimiza, akisema ndovu wameonekana njiani na yeye ana watoto. Mwalimu akasema sehemu ile ya kwanza, wanawake wakatikisa vichwa kukubali kwa furaha, naye akapanda garini. Hakutoa kibao. Hakuchora sanduku hata moja.

Vanajakshi aliinuka akaketi juu ya mkeka wake. Alikuwa amewaambia karatasi ni yao na wasimpe mtu yeyote, basi. Mtu aliyeambiwa hivyo, halafu akaingia nyuma ya pazia akakuta masanduku asiyoyajua, angefanya nini?

Asubuhi, kabla Bwana Seshadri hajamaliza kahawa yake, mwalimu alikuwa barazani kwake. Alimweleza yote bila kujipunguzia lawama. Ofisa alimsikiliza, akasema kuwa huenda ni kweli, lakini akienda peke yake watu watadai amekwenda kutengeneza ushahidi. Atafuatana na askari, na mlalamikaji lazima awepo. Kisha akagusa mfuko wa shati. Makarani wake walikuwa wamekesha wakizipanga karatasi zile kwa nambari, na nambari tatu zilizokosekana alikuwa amezifungia ndani ya bahasha yenye lakiri. Hakumwonyesha. Alimwambia akizileta karatasi, bahasha itafunguliwa mbele ya watu wote.

Basi la posta liliwashusha kwenye kona ya Melinakoppa saa tatu, wakaanza kupanda mlima kwa miguu: Vanajakshi, Wakili Rao, na askari Giriyappa, yule yule aliyelinda mlango wa kituo siku ya kura. Giriyappa alikuwa mtu wa mlimani, mpole, mwenye tumbo kidogo. Njia nzima alimhakikishia wakili kwamba siku ile aliingiza wanawake mmoja mmoja na hakuna hata mbuzi aliyepita bila yeye kujua. Wakili alikuwa akitazama anapokanyaga. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa vikiteleza kwenye majani makavu, na mara mbili alishika mche wa pilipili manga asianguke.

"Bwana wakili," Giriyappa alimwambia, "viatu hivyo ni vya mahakamani. Mlima huu hauna hakimu, vivue tu."

Wakili akaviangalia viatu vyake, akaendelea navyo miguuni.

Walipofika kitongojini walikuta maganda ya popoo yametapakaa, majembe yameachwa, na vyungu vikichemka bila mtu. Kofia ya askari ilikuwa imeonekana kutoka mbali, na kila mwenye miguu alikuwa amekimbia kujificha. Vanajakshi alimwomba Giriyappa ashuke akakae kisimani, mahali ambapo hataonekana. Kisha akasimama katikati ya nyumba na kuita jina la Puttamma. Jina hilo alilikumbuka kwa sababu siku ya kura mwenyewe alipopakwa wino kidoleni alicheka mpaka foleni nzima ikacheka.

Puttamma alichungulia nyuma ya mlango. Alipoona ni mwalimu, akatoka, lakini alisimama mbali. Vanajakshi hakumzungusha. Alimuuliza ile karatasi ya siku ile aliipeleka wapi.

"Ninayo, dada," Puttamma alisema, na uso ukamchanua. "Haijakunjika hata pembe. Kwani umekuja kukagua?"

Akaingia ndani, akarudi na kopo la manjano, na ndani ya kopo, juu ya unga wa manjano, ndani ya kitambaa safi, ilikuwamo karatasi ya kura. Wakili aliinama akaisoma nambari, akaiandika katika daftari lake, akaisoma tena.

Hapo milango mingine ikaanza kufunguka. Mwanamke kijana aitwaye Gange alisema naye anayo. Aliitundika ukutani kando ya picha ya mungu wake wa kike, akaipamba kwa ua na kuitia nukta nyekundu, maana mumewe alisema kuwa kitu kilichotoka serikalini kina baraka zake. Wakili akaiandika ya pili. Wanawake wengine kumi na zaidi waliulizwa, wakasema kwamba wao waliwaona wa mbele yao wakitoka mikono mitupu, wakajua tu kuwa karatasi hubaki humo ndani, wakatumbukiza. Puttamma alieleza kuwa siku ile walikwenda na kurudi watatu pamoja, yeye, Gange na Dyavamma wa ng'ambo ya kijito. Bila shaka ya tatu anayo Dyavamma.

Dyavamma alisema hana.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, chini, ng'ambo ya kijito, upande wa wale ambao watu wa tabaka la juu hawaingii kwao wala hawali kwao. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye mikono iliyochubuliwa na kumenya popoo. Alisimama mlangoni akitazama chini. Alisema hajui karatasi, hajui kura, siku ile alikuwa mgonjwa. Wakati huo huo wino mweusi ulikuwa bado kidoleni mwake. Puttamma alianza kumbishia, Vanajakshi akamwashiria anyamaze.

Wakili alibaki nje ya ua. "Mbili si tatu, mwalimu," alisema. "Na basi la kurudi linapita saa sita."

Vanajakshi alivua kandambili zake, akaingia uani, akaketi sakafuni kwenye baraza ya Dyavamma. Hakuuliza kitu. Jua lilikuwa limepanda, na tangu jana hakuwa ametia kitu kinywani. Alipokwisha kukaa kitambo aliomba maji.

Dyavamma alimtazama, kisha akawatazama watu waliosimama nje ya ua. "Maji ya kwangu?"

"Nina kiu, mama."

Yalikuja maji katika kikombe cha shaba na kipande cha sukari guru, kama apewavyo mgeni yeyote katika milima ile. Vanajakshi aling'ata sukari guru, akanywa maji yote mpaka tone la mwisho. Kisha akaanza kusema, na hakusema kama mwalimu. Alisema kwamba amekosa. Alikuja hapa akawafundisha nusu ya jambo, akakimbilia gari lake kwa kuogopa giza, na hiyo nusu aliyoiacha bila kukusudia ndiyo iliyokuwa na maana. Sasa watu wanasema ameuza kura. Leo jioni atafukuzwa shule. Hakuja kumkamata mtu, kwa kuwa kama kuna wa kukamatwa ni yeye.

Dyavamma aliketi, mbali kidogo naye, akavuta pindo la sari yake mapajani.

"Ulisema nisimpe mtu yeyote," alisema hatimaye.

"Nilisema."

"Hata mume wangu."

"Ndiyo. Hata mumeo."

"Basi na wewe ni mtu, dada."

Kule nje ya ua wakili alikohoa, na Vanajakshi hakujua kama kilikuwa kikohozi ama kicheko kilichopotea njia. Yeye mwenyewe machozi yalimlengalenga. Alimwambia Dyavamma kuwa amesema kweli, na kwamba asimpe. Amwonyeshe tu.

Pindo la sari lilikuwa na mafundo matatu. Dyavamma alilifungua moja moja, akaitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua na kuishika kwa mikono miwili. Na kwa kuwa sasa ilikuwa mchana kweupe na siri imekwisha, alisema lililobaki. Siku ile ya kura, walipokuwa wakirudi, mtu mmoja aliwasimamisha kwenye kona ya barabara. Aliwauliza nani ametoka na karatasi. Wenzake waliogopa wakasema hawana. Yeye alisema anayo ila hampi. Mtu yule akampandishia kutoka rupia mbili hadi tatu, kisha akamtisha kwamba ipo siku atamletea polisi. Ndiyo maana leo alipoiona ile kofia alijua ndiye aliyewatuma.

Wakili alikuwa ameingia uani bila mtu kuona. Alisimama mbele ya baraza, daftari mkononi.

"Mtu gani huyo? Utamjua ukimwona?"

"Simjui kwa jina, bwana. Alikuwa na kijikaratasi kifuani." Dyavamma aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Cha mizani. Kama hicho chako."

Nagabhushana Rao aliinamisha kichwa akakitazama kijikaratasi kilichobandikwa kwenye koti lake. Daftari akalishusha. Kisha akauliza kama mtu yule alikuwa amewapata wengine. Dyavamma alisema kuwa ya wengine hayajui. Lakini yeye alipokuwa akiondoka, mtu huyo alikuwa akimtukana mwenzake aliyekaa chini ya mti, akisema tangu asubuhi wanawake hawa wamemfanya mjinga, hajapata hata mmoja.

Kwa hiyo mchezo wa karata alioueleza jana ukumbini ulikuwa umejaribiwa kweli, na watu wake mwenyewe, na ukashindikana. Vanajakshi aliona uso wa wakili ukibadilika, akajua kwamba hakuwa na habari. Mtu anayejua hawezi kushtuka namna ile. Akamhurumia, ingawa saa moja tu iliyopita alikuwa akimwogopa kama nyoka.

Dyavamma alikubali kwenda mjini kwa sharti moja, kwamba karatasi ataishika yeye. Puttamma na Gange wakasema kama ni hivyo na wao wanakwenda na zao. Basi lilikuwa limekwisha pita, kwa hiyo Giriyappa akaenda kuazima gari la ng'ombe kwa jina la serikali, na watu wote sita pamoja na mwendeshaji wakajipanga ndani. Wakili alisita kidogo, maana yeye alikuwa wa tabaka la juu, na garini hapakuwa na nafasi ya kujitenga na Dyavamma. Halafu akavua viatu, akapanda, akakaa nyuma karibu naye, miguu ikining'inia juu ya vumbi.

Waliingia ukumbini saa tisa na nusu. Chumba kilikuwa kimejaa, na wanaume walipisha njia kwa mshangao walipoona ni nani wanaoingia. Bwana Seshadri aliipasua lakiri ya bahasha yake mbele ya wote, akaitandaza orodha mezani. Puttamma alikuja kwanza, akafuata Gange. Dyavamma alipofika, alisimama hatua moja kutoka mezani akaiinua karatasi usawa wa kifua. Karani alinyosha mkono, naye akarudi nyuma. Bwana Seshadri akamwambia karani akae. Akazunguka meza mwenyewe, akaweka mikono yake mgongoni, akainama mbele ya yule mwanamke kibarua mpaka pua ikakaribia karatasi, akasoma nambari kwa sauti.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Zote tatu."

Vanajakshi alishika ukingo wa meza. Kwa muda hakuweza kusikia yanayosemwa. Alimwona wakili akisimama na midomo yake ikicheza. Baadaye aliambiwa kwamba wakili aliondoa mashtaka yote, akaomba radhi kwa jina lake mwenyewe, na kusema kuwa ana jambo la kwenda kuulizana na watu wa upande wake. Alichoona yeye ni kijikaratasi cha mizani kikibanduliwa kwenye koti na kuwekwa juu ya meza.

Masikio yalipomrudia, Dyavamma alikuwa akiuliza kitu.

"Sasa niitumbukize wapi?"

Bwana Seshadri alimweleza kwa upole kuwa masanduku yamefungwa na kura zimekwisha hesabiwa. Karatasi yake imeokoa jina la mwalimu, lakini kura yake haimo.

"Kwa hiyo sikupiga kura," Dyavamma alisema. Alikitazama kidole chake chenye wino.

"Hukupiga, mama," Vanajakshi alisema. "Na kosa ni langu."

Dyavamma alilifikiria jambo hilo, watu wote wakimngoja kana kwamba yeye ndiye hakimu. Kisha akauliza kura nyingine itakuwa lini. Wakamwambia miaka minne. Akasema miaka minne si mingi, mpopoo huchukua zaidi ya hiyo kuzaa na watu huungojea. "Ila safari hiyo, dada, uje na sanduku lenyewe. Maneno tuliyasikia."

Watu walicheka, na Vanajakshi akacheka nao, akifuta macho kwa pindo la sari yake.

Ikabaki shida ya mwisho. Sheria ilitaka karatasi zikabidhiwe, na Dyavamma alishikilia kwamba yake ni yake. Bwana Seshadri alikuna kichwa, akakaa chini, akaandika stakabadhi tatu kwa mkono wake: imepokewa kutoka kwa fulani bint fulani, karatasi ya kura nambari fulani, ikiwa salama. Akaweka sahihi na mhuri. Dyavamma alimpa Vanajakshi ile stakabadhi amsomee. Akasomewa mara ya kwanza, akataka asomewe tena, na jina lake lilipotajwa aliweka kidole mahali lilipoandikwa. Ndipo alipoiachia karatasi ya kura. Akaikunja stakabadhi mara nne, akaifungia kwenye pindo.

Saa kumi ilitangazwa kuwa mgombea wa baiskeli ameshinda kwa kura kumi na tisa. Nje ngoma zikaanza, na watu wakarushiana unga wa rangi. Bwana Seshadri alitoa gari la serikali liwarudishe wanawake mlimani kabla ya giza, na Puttamma akataka kukaa mbele kando ya dereva. Giriyappa alimkubalia, akapanda nyuma.

Vanajakshi alitembea nyumbani peke yake, kandambili zikiburuza vumbi, akipita katikati ya makelele bila kugeuza shingo. Baba yake alikuwa amesimama langoni. Mtu wa posta alikuwa amekwisha kumpa habari yote, ilionekana kwa namna alivyokuwa akiushika mlango na kuuachia, akiushika na kuuachia. Alimtazama binti yake toka utosini hadi miguuni.

"Umekula?" aliuliza.

"Sijala, baba."

Akampakulia wali, mchuzi wa dengu, achari ya embe na mtindi. Alikula sahani mbili na kuomba mtindi tena. Akaoga, akajilaza chumbani kwake kujinyosha tu kidogo, jua likiwa bado juu ya mapaa, na hapo hapo usingizi ukamchukua. Baba alitoka nje polepole. Akawaomba majirani wapunguze redio yao na wasigongegonge ndoo kisimani, mwalimu amelala. Nao, ambao tangu jana walikuwa wakimteta, wakapunguza.